Moduli Iliyopiga Hodi

Wanangu mliobaki kwenye chumba cha kompyuta, mmeniomba niandike nilivyoanza kazi mpaka nikastaafu, ili nanyi mjifunze. Nimekubali kwa sababu tangu nistaafu sina wa kumfokea nyumbani isipokuwa paka, na paka hasikii. Ya vyeo na mishahara nitayaruka. Vyeo vilinipita njiani bila hata kunisalimu, na mishahara yenu mnaijua wenyewe. Nitasema ya siku ya kwanza, ya aliyenifundisha, ya vyombo vya kazi, na ya moduli yangu, ile ambayo Mkurugenzi wetu anaamini mpaka leo kwamba iliandikwa na Wazungu.

Kwa asiyetujua, kampuni yetu hukodisha vyumba vya baridi, vichache Mbegani na vingine mjini Bagamoyo. Wavuvi na wachuuzi huleta samaki, pweza, ngisi na kamba, nasi tunawatunzia mpaka gari la Dar es Salaam lije au hoteli za ufukweni ziwahitaji. Chumba kikizimika usiku mmoja, asubuhi mali ya watu inanuka mpaka barabarani. Hilo likae kichwani, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Mengine yote niliyoyaona kazini yalikuwa mapambo.

Siku ya kwanza nilivuliwa viatu. Kompyuta ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa kilichotariziwa maua, nayo ilikaa katika chumba pekee chenye kiyoyozi. Viatu tuliacha mlangoni kama msikitini, ati vumbi litaua mashine. Mkurugenzi wa wakati ule aliingia humo kila mchana na viatu vyake, akakaa kitini akisinzia, na akiulizwa husema anakagua. Hapo nilijifunza somo la kwanza la usalama wa kompyuta: kanuni huandikwa kwa ajili ya walio wadogo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Nassor, mtu wa ukoo wenye asili ya Oman, watu wa maduka ya nguo. Yeye duka lilimshinda kwa sababu hakuweza kuvumilia wateja. Mashine aliziweza kwa kuwa hazipatani bei. Vyombo vyake vilikuwa bisibisi, brashi ya kupakia rangi na raba ya penseli. Brashi ni ya vumbi. Raba ni ya kusugua meno ya shaba ya kadi za ndani ya mashine, maana hewa yetu ya chumvi huyala yakawa meusi, na mashine ikagoma kuwaka. Wataalamu wangapi wamekuja na mikoba wakasema mashine imekufa, inunuliwe nyingine, nami nikaifufua kwa raba ya mwanafunzi wa darasa la tatu! Nunueni raba, wanangu. Mkoba hausugui kitu.

Bwana Nassor alikuwa na mwenendo mmoja uliotuchekesha sote. Kabla hajafungua mashine yoyote aliigonga bati kwa kidole, akasema, "Hodi!" Mara tatu, taratibu, kisha akanyamaza kidogo. Siku moja nikashindwa kujizuia.

"Mwalimu, nani humo ndani wa kukuitikia?"

"Umeme una wenyewe, mwanangu," akasema, naye haniangalii. "Na hata kama hauna, mashine hii ni ya mtu na kazi iliyomo ni ya mtu. Ukishapiga hodi mara tatu utakuwa umepata nafasi ya kujiuliza umefuata nini."

Kwetu pwani hodi haizidi tatu, hilo kila mtoto analijua. Mwenye nyumba akiuliza nani, unajitambulisha. Akikukaribisha, unaingia. Ukipiga ya tatu na hakuna aliyeitika, unageuka unakwenda zako, hata kama unasikia sufuria zinagongana jikoni. Aliyemo ndani hakukutaka, na hiyo ni haki yake. Bwana Nassor aliustahi mlango wa mashine kama mlango wa jirani. Sijapata kuona kanuni ya usalama iliyo bora kuliko hiyo, nami nimehudhuria semina nyingi zenye chai na sambusa. Alistaafu kabla mtandao haujatufikia, na Mwenyezi Mungu amrehemu, hakukosa kitu.

Kisha akaja Mkurugenzi wa sasa, msomi, mwenye tai hata siku ya Jumamosi. Neno lake la siri lilikuwa jina lake mwenyewe, na amelibandika chini ya kibodi asije akalisahau. Nilimwambia alibadilishe. Akaongeza nukta mwishoni, akaniita nije nione kwamba ametekeleza.

Yeye ndiye aliyesafiri kwenye maonyesho ya biashara nje ya nchi akarudi na visanduku. Mnavijua: vile vyeupe vilivyofungwa mlangoni pa kila chumba cha baridi, vinavyopima ubaridi na kuwasha mitambo vyenyewe. Uzuri wake, alisema, unaweza kuviamrisha kwa simu ukiwa popote duniani. Siku hiyo alivipanga kwenye meza ya mikutano ili tuvipongeze. Nikauliza: ikiwa yeye ataweza kuviamrisha kutoka popote duniani, nani mwingine ataweza?

"Bi Mwanahawa," akanijibu mbele ya watu, "kifaa hiki kimetoka nje. Wewe umetoka Dunda."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kweli nimetoka Dunda, na kutoka Dunda mpaka ofisini ni mwendo wa bodaboda tu. Lakini iliniuma, na sijasahau.

Wakati huo tulikuwa na Idrisa, kijana wa Ubena, aliyetoka chuoni akaajiriwa kwetu. Alikuwa na kichwa chepesi na maneno ya Dar. Yeye ndiye aliyenionyesha ule mfumo wa kupimia usalama ambao nyinyi leo mnauona wa kawaida.

"Bi Mwana, hii kitu noma," akasema, akanisogezea skrini. "Haina mwenyewe. Yaani ya wote."

Mfumo wenyewe ni programu huria. Maandishi yake yote yamewekwa hadharani, yeyote anasoma, na yeyote anaweza kuongeza kipande chake. Kipande kimoja ndiyo moduli. Fikirieni bisibisi yenye mpini mmoja na vichwa vingi: mpini ni mfumo, kila moduli ni kichwa kilichochongwa kwa ajili ya skrubu moja, yaani udhaifu mmoja wa kifaa kimoja. Mwenye nyumba akikupa ruhusa ya kumpimia milango yake, unachagua kichwa, unajaribu, unamwambia upi umelegea. Mwizi naye anaweza kukishika chombo hichohicho. Ndiyo maana kuna adabu zake, nami nilizipenda kabla sijaipenda programu yenyewe, kwa kuwa zilifanana na za Bwana Nassor.

Moduli yangu ya kwanza ilikuwa ya printa, ile kubwa ya uhasibu. Ukiiuliza kwa njia fulani inakutajia neno lake la siri bila haya. Niliandika nikifuatisha moduli za wengine, mstari kwa mstari, nikaipeleka nikiwa na hakika ya kupongezwa. Nilipata mkaguzi. Moduli haiingii kwenye mfumo mpaka ikaguliwe na wenye dhamana, nao wanafanya kwa kujitolea. Wangu alijificha nyuma ya picha ya paka. Sijui mpaka leo kama ni mwanamume au mwanamke, wala anaishi wapi. Maswali yake nayajua. Mstari huu unafanya nini? Umejaribu kwenye kifaa gani? Kifaa kikikataa, moduli yako inafanya nini? Inaacha alama gani nyuma yake? Nimeolewa, nimezaa, nimezika wazazi, na sikuwahi kuulizwa mengi namna ile. Wakwe zangu walipokuja kunichunguza waliridhika na chai na vitumbua.

Nilimtukana yule paka kwa Kiswahili kizuri, peke yangu, nikaketi kurekebisha. Akauliza tena, nikarekebisha tena. Ilipokubaliwa, jina langu likaandikwa kichwani mwa moduli, pale wanapoandikwa watunzi, na mtu yeyote duniani anaweza kulisoma. Ofisini nilimwonyesha Mkurugenzi. Akaniuliza kama printa ya uhasibu sasa inatoa karatasi bila kukwama. Hivyo ndivyo nilivyoendelea: mchana nabadilisha wino, jioni naandika moduli. Idrisa akahamia Dar, akanunua suti, akafungua kampuni ya ushauri wa usalama. Kitu alichoniachia ni kisanduku kimoja cheupe cha akiba, kilichokataliwa kwa kuwa bati lake lilibonyea.

Kisanduku hicho ndicho kilichonifungua macho. Niliomba ruhusa ya maandishi kwenda nacho nyumbani, nikaipata kwa urahisi kwa sababu kilishahesabiwa kuwa takataka. Nikakifunga kwenye friza langu mwenyewe, lile la barafu za ukwaju ninazowauzia watoto wa mtaani. Nikaanza kukisikiliza kinavyozungumza na mtandao. Mlango wa mbele ulikuwa sawa: unataka neno la siri, ukikosea unakufukuza. Lakini mtengenezaji alijiachia mlango wa uani kwa ajili ya mafundi wake, nao haukuuliza kitu. Ukiuliza ubaridi, unajibiwa. Ukiamuru mtambo uzime, unazima. Niliamuru kutoka kwenye simu, nikaenda kuswali, niliporudi barafu zangu zote zimekuwa juisi. Watoto walinilaumu wiki nzima.

Sikucheka sana. Nilikuwa nawaza vyumba vyetu, na mali iliyomo.

Nikaandika moduli. Kila moduli ya aina hii ina sehemu ya ukaguzi, inayochungulia tu kama udhaifu upo bila kuharibu kitu. Hapo nikamweka Bwana Nassor. Moduli inakiendea kisanduku mlango wa uani na kukiuliza jambo dogo lisilodhuru, jambo la salamu tu. Inauliza mara tatu, na kila inapouliza inaandika kwenye skrini: Hodi. Kisanduku kikiuliza wewe ni nani, yaani kikidai neno la siri, kiko salama. Kikijibu karibu bila kuuliza, kina udhaifu. Kisipoitika mara ya tatu, moduli inaondoka, hailazimishi.

Paka wangu mkaguzi akaja na swali, nilijua atakuja nalo. Hodi ni nini? Neno hili halimo kwenye mwongozo wetu. Nikamweleza kwa kirefu, habari za mlango, za mwenye nyumba, za kugeuka ukaenda zako. Kisha akaandika: liache lilivyo. Hilo ndilo jambo pekee ambalo hakunirekebisha, na nakiri nililia kidogo.

Adabu ya mfumo inataka mtengenezaji aambiwe kwanza, apewe muda wa kuziba, kisha ndipo moduli itangazwe. Nikamwandikia mtengenezaji. Akajibu kwa barua pepe ya kunishukuru kwa kuwa mteja wake mpendwa. Nikamwandikia tena, akanipa anwani ya duka lililo karibu nami, ambalo liko nchi nyingine. Nikaandika ya tatu na kumwekea picha ya barafu za ukwaju zilizoyeyuka. Safari hii aliitika, akaomba radhi, akatoa toleo jipya la programu lililoziba ule mlango. Siku ya kutangaza moduli ikapangwa. Nilimwomba mkaguzi aisogeze mbele ili nipate muda wa kuziba vyetu, akaisogeza mara moja, kisha akaniambia haiwezekani tena, kwa sababu mtu mwingine huko mbali ameshaugundua udhaifu uleule na amechoka kusubiri. Siku ikifika, dunia nzima itajua.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa ndogo: kuingiza toleo jipya kwenye visanduku vyetu kabla ya siku hiyo. Asubuhi moja ingetosha. Ila ili kuingiza, lazima vyumba vizimwe kimoja kimoja kwa muda mfupi, na kuzima chumba ni mpaka Mkurugenzi atie sahihi.

Nikaenda kwake nikamweleza. Akasikiliza huku anasoma simu.

"Nani amesema vina udhaifu?"

"Mimi, Mkurugenzi. Nimepima kile cha akiba. Na mtengenezaji mwenyewe amekubali, barua yake hii hapa."

"Cha akiba ni kibovu, Bi Mwanahawa. Kibovu kitakosaje udhaifu?" Barua hakuigusa. "Na wewe ulikuwa unatafuta nini kwenye mlango wa uani wa watu? Kuna sheria ya makosa ya mtandao, unajua."

Nikaondoka. Baadaye nikarudi na maelezo ya kurasa mbili. Akaunda kamati. Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikaazimia kwamba suala ni zito na linahitaji semina, na semina ifanyike mahali penye utulivu, kama Zanzibar. Nikarudi mara ya tatu. Safari hii katibu wake aliniambia Mkurugenzi ana mgeni, nami nilimwona kupitia kioo, yu peke yake anakula korosho. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tungeunda kamati ya kuutembelea ufa.

Mali iliyokuwa hatarini ilikuwa na jina. Bi Mwantumu, shoga yangu tangu utotoni, mwenyekiti wa wachuuzi, alikuwa na shehena ya kamba na pweza chumba namba mbili. Mjane yule, biashara yake yote iko kwenye chumba kile, nayo ilikuwa inasubiri hoteli tatu zilizoshaahidiwa. Alinikuta getini siku hiyo ya korosho.

"Mbona uso umekukunjamana, shoga? Kuna nini huko ndani?"

"Hakuna kitu."

"Pweza wangu wako salama?"

Hapo sikuweza kumdanganya tena. Akanitazama vizuri. "Basi wewe fanya ufanyavyo," akasema. "Wale wanaume wa tai mimi siwajui. Nakujua wewe."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Kutangaza hatari kwa wachuuzi wote nisingeweza, maana habari ingefika kwa wabaya kabla ya visanduku kuzibwa. Kuingiza toleo jipya kwa siri nisingeweza pia, kwa kuwa ndiko kuingia bila hodi. Nikakumbuka msemo mwingine: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikampigia Idrisa.

"Shikamoo, Bi Mwana."

"Marahaba, mwanangu. Suti yako bado inakutosha?"

Nikamweleza. Mwanzoni alikataa. "Lakini hiyo kazi ni yako, Bi Mwana. Nije nisimame pale nijifanye nimeileta mimi? Siyo fresh."

"Pweza hawajui kazi ni ya nani. Wewe njoo na projekta. Usiseme uongo, sema tu kwamba ni kazi ya wataalamu wa kimataifa. Mimi ni mtaalamu, na Dunda iko kwenye taifa."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Ule mstari wa hodi niutoe? Wakiusoma watashtuka."

"Usiuguse," nikasema. Sifa nyingine zote nilikuwa nimeshamwachia yeye.

Mkurugenzi alimpokea Idrisa getini. Alisahau kabisa kwamba kijana huyu aliwahi kumpandishia kompyuta ngazini. Suti ilikuwa ya bluu, gari la kukodi lilikuwa jeupe, na kwenye kadi yake ameandikwa Mshauri Elekezi. Mimi kurasa mbili hazikunipa hata sahihi moja, Idrisa alipata kibali cha kupima kabla chai haijapoa. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mkurugenzi wetu hakuamini fimbo nyingine.

Tukakusanyika kwenye ukumbi wa mikutano: Mkurugenzi, kamati yake, na wawakilishi wa wachuuzi, Bi Mwantumu mbele kabisa na buibui lake la kutokea. Mimi nilikaa karibu na swichi, kwa kuwa nilialikwa kushughulikia taa. Chumba namba nne kilikuwa kitupu, na ndicho kilichochaguliwa. Idrisa akasema maneno mengi ya Kiingereza, kila mtu akatikisa kichwa, kisha akaiendesha moduli yangu. Maandishi yakatokea ukutani, makubwa, meupe.

Hodi.

Hodi.

Hodi.

Kisha likaja jibu la kwamba kisanduku kimekaribisha bila kuuliza. Idrisa akaamuru mtambo uzime, na kipima joto kwenye skrini kikaanza kupanda mbele ya macho yetu.

"Lahaula!" Bi Mwantumu akasimama. "Na chumba namba mbili ni hivihivi?"

"Vyote, mama," akasema Idrisa.

Nilidhani tumeshinda. Lakini Bi Mwantumu hakukaa. Alikuwa ameukazia macho ukuta.

"Hebu kwanza. Pale si pameandikwa hodi?"

"Hiyo ni lugha ya kompyuta, mama," Mkurugenzi akamwambia kwa upole wa kumtuliza mtoto. "Imeandikwa na Wazungu."

"Wazungu?" Akatugeukia sote, mkono kiunoni. "Mzungu gani huyo anayepiga hodi? Hapa Bagamoyo tumewapokea wa kila namna. Nani amewahi kumsikia hata mmoja akipiga?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, kamati nayo ikacheka kabla ya kukumbuka kwamba ni kamati. Mkurugenzi hakucheka. Akamgeukia Idrisa taratibu.

"Nani hasa ameandika kitu hiki?"

Jina langu lilikuwa pale pale, kichwani mwa moduli, angepandisha skrini kidogo tu angelisoma. Na kama angelisoma, namjua: kisanduku kingekuwa kibovu tena, moduli ingekuwa uhalifu, kamati ingekwenda Zanzibar, na pweza wa Bi Mwantumu wangekwenda jalalani. Idrisa akanitazama. Mimi nikatazama pangaboi.

"Jumuiya ya wataalamu wa kimataifa, Mkurugenzi," akasema Idrisa.

Mkurugenzi akawaza. Tuliona kabisa wazo likimjia, uso ukaanza kung'aa, akanyanyuka na kuifunga vizuri tai yake.

"Mnaona!" akasema. "Mnaona, ndugu zangu! Kiswahili kimefika mbali. Wazungu sasa wanaiga ustaarabu wetu. Na sisi wenyewe tuwe wa mwisho?" Akahutubia kuhusu lugha ya taifa mpaka chai ikaletwa, kisha akatia sahihi hapohapo, kwa uzalendo. Wasaidizi wakanipa fomu nikaizungushe.

Siku iliyofuata nilizima chumba kimoja kimoja na kuingiza toleo jipya, nikianza na namba mbili. Nilipomaliza niliiendesha moduli mwenyewe. Hodi. Kisanduku kikauliza: nani? Sijapata kusikia neno tamu kama hilo kutoka kwenye bati.

Jioni Bi Mwantumu alinipitia na fungu la kamba kwenye majani ya mgomba. "Ile hodi ni yako," akasema kabla hata ya kukaa.

"Umejuaje?"

"Tatu, halafu kimya, huyo unageuka. Hivyo ndivyo unavyopiga kwangu tangu tuko wasichana. Mpaka nitoke nikukimbilie barabarani." Akanipiga begani. "Nilipoona nimekaribia kukuharibia, nikaona ninyamaze."

Siku ya kutangazwa ilifika na moduli ikatoka. Huko duniani wako waliochelewa kuziba wakajuta. Kwetu hakuna hata dagaa aliyenuka. Ripoti ya Idrisa imetiwa fremu, nanyi mmeiona, imetundikwa ofisini kwa Mkurugenzi juu ya kiti chake.

Kwenye sherehe yangu ya kuagwa mlikuwapo. Mlinipa doti ya khanga na saa ya ukutani, nawashukuru, saa inakwenda. Mkurugenzi alisema Bi Mwanahawa ametusaidia sana upande wa wino wa printa. Akanishauri nisikae bure huko nyumbani, nijifunze kompyuta kidogo, siku hizi hata wazee wanaweza. Mlicheka mkitazama chini, nikawaona.

Wengi mmeniuliza kwa nini sikumwambia. Nilitaka kumwambia. Siku ya mwisho kabisa, nilipokwenda kurudisha funguo, niliazimia. Ningemwonyesha kichwa cha moduli, jina langu, nione uso wake utakavyokuwa. Si kwa ajili ya kampuni, ni kwa ajili yangu, maana nilistahili. Katibu wake alikuwa ametoka. Nikasimama mlangoni nikagonga.

"Hodi!"

Ndani nilimsikia akizungumza na simu, anacheka.

"Hodi!"

Kicheko kikakatika. Kiti kikalia. Kisha kicheko kikaanza tena, kwa sauti ya chini zaidi.

"Hodi!"

Nikangoja kama Bwana Nassor alivyokuwa akingoja, nikajiuliza nimefuata nini humo. Kisha nikamwachia mlinzi funguo, nikapanda bodaboda, nikarudi zangu Dunda.